Mguu wa Tashtiti

Watu wa mazizini walimwita Mama Kwato, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye viganja vya kutisha. Akikushika mkono kukusalimu, ukiachiwa unaviangalia vidole kama vyote vipo. Kwa viganja hivyo aliwasugua farasi wa mbio tangu ujana wake, akawachokoa kwato, akawafunga bendeji. Alipenda kusema kwamba farasi hana siri. Mambo yake yote yako miguuni, anayetaka kuyajua na ainame.

Ni yeye aliyemwingiza Mluzi pale zizini. Mluzi alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Mama huyo alifariki mtoto angali ananyonya, basi akalelewa nyumba moja na Mama Kwato, wakala sahani moja, wakachapwa kwa kosa moja. Jina alilipata kwa sababu alikuwa akipiga mluzi kutwa, hata akiwa anatafuna. Alipokua akakosa kazi, Mama Kwato alikwenda kumlilia mwenye zizi, mjane tajiri ambaye wafanyakazi walimwita Madamu. Kijana akapewa kazi ya kubeba majani. Alikuwa na akili, na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Miaka ikapita, mbeba majani akawa kocha, na dada mtu akawa chini yake. Hilo halikumuuma hata kidogo. Alijisifu nalo sokoni. Wahenga wamesema asante ya punda ni mateke, lakini huyu hakuwa punda, alikuwa damu yake.

Katika zizi hilo kulikuwa na farasi jike mwekundu, mwenye mbio na kiburi, ambaye hakukubali kupitwa hata akiwa anatembezwa tu. Waliompa jina la Tashtiti hawakukosea. Asubuhi moja, wiki ya mashindano, Mama Kwato alipitisha kiganja nyuma ya mguu wake wa mbele wa kushoto, chini ya goti, akakuta joto. Halikuwa kubwa, lakini lilikuwepo. Akabonyeza, Tashtiti akauvuta mguu.

Akamwendea Mluzi. "Kocha, huyu asikimbie. Kano imeanza kulalamika."

"Dada, wewe osha farasi," Mluzi alijibu bila kuacha kufunga saa yake. "Kufikiri niachie mimi."

Siku ya mbio, Mama Kwato alimkuta Tashtiti amesimamishwa ndani ya ndoo za barafu, na Mluzi anatia bomba la sindano mfukoni. Alifungua mdomo aseme. Mluzi akamwambia, "Madamu yuko jukwaani. Ukitaka kazi yako, funga bendeji."

Akafunga. Tashtiti alikimbia kama hana miguu, ana mbawa. Kwenye kona ya mwisho kano ikakatika. Alimaliza kwa miguu mitatu, macho yamemtoka, na joki aliyekuwa mgongoni akarukia chini analia.

Madamu aliposhuka, amefura, akauliza nani wa kulaumiwa. Mluzi hakupepesa jicho. "Ni dada yangu, Madamu. Inaniuma kusema. Alikaza bendeji kupita kiasi, damu haikupita. Umri umeshaenda, viganja havina hisia tena."

Mama Kwato alimtazama. Alingoja acheke, aseme ni mzaha. Mluzi akaangalia pembeni.

Alifukuzwa kazi palepale, mbele ya wafanyakazi wenzake. Alipoambiwa Tashtiti atachomwa sindano ya mwisho, alisema jambo moja tu: "Madamu, changu mlicho nacho bakini nacho. Nipe huyo farasi." Madamu akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Mchukue.

Yaliyomkuta nyumbani kwao yalikuwa mabaya zaidi. Mluzi alikuwa ametangulia kwa mama mzazi wa Mama Kwato, aliyewalea wote wawili. "Mwanangu," mama alimwambia, "kukosea ni kwa wote. Usimchafulie mwenzio jina kwa sababu ya farasi." Mama Kwato aliweka kikombe chini, akatoka, hakuaga. Njiani alijiapia kwamba atamla Mluzi mzimamzima, na ataanza na miguu.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole asiyeishiwa maneno. Nyuma ya karakana yake palikuwa na ghala la matofali lililojaa vyuma chakavu. Akalihamisha lote, akatandika sakafu kwa mpira wa matairi ya zamani ili Tashtiti asiteleze. Majirani wakamiminika kutazama. "Nilioa mke mmoja," aliwaambia, "sasa nina wake wenza wawili, na huyu mdogo anakula majani. Niombeeni."

Daktari wa mifugo, mwanamke kijana mwenye maneno machache, alikuja na mashine ya picha kama ile wanayopimiwa wajawazito. Akaonyesha tundu jeusi katikati ya kano. "Atapona," alisema, "lakini kano haijui haraka. Kwanza akae mahali finyu asirukeruke. Umwagie mguu maji ya baridi. Baadaye utamtembeza kwa mkono, njia iliyonyooka, ardhi ngumu. Mchanga hapana, kumzungusha duara hapana. Kila mwezi kidogo zaidi. Mtu mwenye pupa asianze kabisa."

"Mimi sina pupa," alisema Mama Kwato. "Mimi nina deni la kulipiza."

Daktari alidhani ni utani.

Basi ikaanza kazi ambayo wengi huishindwa kwa kuchoka. Asubuhi na jioni alichuchumaa na mpira wa maji, akimwagia mguu ule, na kila alipomwagia alimsimulia Tashtiti habari za Mluzi: alivyokuwa akiiba sukari akasingizia paka, alivyolia usiku wa radi akaja kujificha kwenye shuka lake. "Mtoto niliyempangusa kamasi," alisema, "leo ananipangusa mimi kama kamasi." Tashtiti alitafuna majani na kumtingishia sikio. Ulipofika wakati wa kumtembeza, waliishika barabara ya nyuma ya viwanda, iliyonyooka kama uzi, mwanamke na farasi bega kwa bega, mwendo wa jeneza. Watu walicheka wakachoka. Walio na mapenzi hukata tamaa, maana mapenzi yanataka kuona matunda. Chuki ya Mama Kwato haikutaka tunda lolote ila moja, na kwa hilo iliweza kungoja.

Uvimbe ukapungua. Tundu kwenye picha likaanza kujaa. Daktari akaruhusu matembezi marefu, kisha mtu mgongoni, bado kwa mwendo wa kawaida. Hapo ndipo Mama Kwato alipokaribia kuharibu kila kitu.

Siku hiyo alikuwa mgongoni mwenyewe. Lori la zizi likapita barabara ya viwandani, Mluzi kiti cha mbele. Likapunguza mwendo. "Dada!" alipaza sauti, anatabasamu. "Bado unatembeza kitoweo?" Dereva akaangua kicheko.

Damu ilimpanda hadi machoni. Alimbana Tashtiti kwa visigino, na Tashtiti, ambaye hakupenda kupitwa, akachomoka. Walilipita lori, wakalipita na geti la kiwanda, upepo masikioni. Kwa muda ule mfupi Mama Kwato alisikia raha ambayo hakuwahi kuisikia. Kisha hatua moja ikakosa mdundo.

Daktari alikuja, akaushika mguu, akaweka mashine chini. "Nani amemkimbiza?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu alinichokoza."

"Na huyu alikuchokoza nini?" Daktari alimwonyesha Tashtiti. "Umemrudisha mwanzo, mama. Akichanika tena, mimi nitakuja na sindano, sitakuja na mashine. Halafu usikie na hili. Hata akipona, pale panabaki kovu, na kovu halinyumbuki. Atabeba mtu, atakimbia kwa kiasi. Mashindano asahau."

Maneno hayo ya mwisho yalimkata maini. Usingizi wake wote, ndoto zake zote, alikuwa akimwona Tashtiti akiwapita farasi wa Mluzi mbele ya jukwaa. Aliinama kwenye shingo ya mnyama akalia kwa mara ya kwanza tangu kufukuzwa. Mumewe akamletea kigoda. "Mke wangu," alisema, "kama ni kumpiga, mpige. Lakini usimpige kwa mguu wa mwenzio."

Akaanza upya. Maji ya baridi, mahali finyu, njia iliyonyooka. Safari hii lori likipita alishuka, akashika hatamu, akatazama ukuta.

Tashtiti alipopona kabisa, ilisikika kwamba uwanja wa mbio unatafuta farasi kiongozi, mtulivu, wa kuwatangulia washindani kutoka mazizini hadi mstari wa kuanzia. Mama Kwato alikwenda kwa shingo upande. Msimamizi wa uwanja akamweleza kazi: "Unawaongoza, unawatazama wanavyotembea. Ukimwona mmoja hayuko sawa, unanyoosha mkono, daktari wa uwanja anakuja kumpima. Hata awe wa nani."

"Hata awe wa nani?"

"Ndiyo sheria."

Mama Kwato aliomba maji ya kunywa. Akayanywa yote kwa furaha, kwa mkupuo mmoja.

Mluzi alipomwona mara ya kwanza uwanjani, juu ya mgongo wa farasi aliyekwisha kumzika, mluzi ulimkatikia mdomoni. Mama Kwato akamwamkia kwa adabu zote, "Kocha, habari za leo?" Msimu mzima akawaongoza farasi wake, jicho halimtoki. Mkono hakuunyoosha bure hata siku moja, ingawa ulikuwa ukimwasha. Alijua akiunyoosha bila sababu, wataita wivu.

Ilikuja siku ya kombe kubwa. Jukwaa lilijaa, jua linapasua mawe. Mluzi alikuwa na dume jeusi ambalo kila mtu alilitabiria ushindi. Lilitoka likitembea vizuri, tena vizuri mno. Lakini Mama Kwato aliona miguu ya mbele imelowa hadi magotini, maji yanadondoka, ilhali uwanja mzima umekauka kau. Barafu. Akamgeuza Tashtiti polepole, akaja ubavuni mwa dume, akatazama shingo. Chini ya manyoya palikuwa na kivimbe kidogo, na juu yake tone la damu halijakauka.

Akanyoosha mkono.

Mluzi alikuja mbio, tai imeruka begani. "Dada, unafanya nini? Ni mimi!"

"Naona ni wewe," alisema Mama Kwato. "Ndiyo maana nimetazama vizuri."

"Tuyamalize nyumbani. Nakuomba. Mbele za watu hapana."

"Mimi ulinimaliza wapi?"

Daktari wa uwanja alilibonyeza dume mguuni, likavuta. Akachukua damu, akamwamuru joki ashuke. Majibu yalionyesha dawa ya kuua maumivu. Kamati ikamfungia Mluzi: asikanyage zizi wala uwanja wowote wa mbio maisha yake. Walipomhoji zaidi, dereva wa lori na joki wa zamani wa Tashtiti wakafungua vinywa, na kisa cha Tashtiti kikatoka chote.

Madamu alimfuata Mama Kwato kwenye uzio, miwani mkononi. "Nilidanganywa," alisema. "Nafasi yako ipo, tena ya juu."

"Madamu, hukudanganywa. Hukuuliza," Mama Kwato alimjibu, akageuza farasi, maana mbio nyingine ilikuwa inaanza.

Baada ya siku chache, mchana, mama mzazi alikuja karakanani, na nyuma yake Mluzi, amekonda, hana mluzi. Mama Kwato alimpa mama kiti. Mluzi hakumpa.

"Mwanangu," mama alianza, "nilikosea kumwamini. Lakini huyu ni mdogo wako. Ukiandika barua kwamba umemsamehe, kamati itamlegezea. Nimemnyonyesha maziwa yaliyokuwa yako."

Mluzi alipiga magoti kwenye sakafu ya mafuta na misumari. "Dada, sijui kazi nyingine."

Mama Kwato alimtazama alivyopiga magoti. Alikuwa ameungoja mchana huo kwa subira yote aliyokuwa nayo, na ulipofika aliuonja taratibu, hakuona haya. Mumewe aliacha kuzungusha gurudumu, akasubiri.

"Simama, utachafuka," alisema mwishowe. "Barua siandiki. Ukiumwa nitakuuguza, ukifa nitakuzika, wewe ni ndugu yangu. Lakini farasi humgusi tena mpaka naingia kaburini."

Mama aliondoka analia, na kwa muda mrefu hakuja tena. Salamu zake zilipita kwa fundi baiskeli. Hilo lilimuuma Mama Kwato, hakulificha. Mluzi alihamia mji mwingine, ikasemekana anauza vipuri vya magari, na anauza vizuri, kwa ulimi ule. Habari hiyo ilimkera Mama Kwato wiki nzima. Alitaka asikie anauza vibaya.

Tashtiti bado anaongoza. Siku za baridi mguu hukaza kidogo asubuhi, basi Mama Kwato huwahi, humsugua, humtembeza njia ya viwandani mpaka ulegee, ndipo wanakwenda kazini.