Siku Bellwater Ilipokisoma Kitabu cha Bi Theo

Lavonia Pettus alikuwa na mdomo mwepesi kuliko mkasi wake, na mkasi wake wenyewe haukuwa mzito. Saluni yake ilikuwa Mtaa wa Stesheni, mjini Bellwater, Alabama, ukuta kwa ukuta na kanisa la Wabaptisti, na wanawake weusi wa mji ule wote walipita mikononi mwake: maharusi, walimu, wapishi, hata marehemu, kwani yeye ndiye aliyewatengeneza nywele kabla jeneza halijafungwa. Lakini kichwa kilichoyageuza maisha yake kilikuwa cha Theodosia Marsh.

Bi Theo, ndivyo walivyomwita, alizaliwa Bellwater, akakimbilia Chicago angali msichana, akaandika riwaya mbili ambazo hakuna mtu wa kwao aliyezisoma, kisha akarudi na mvi zake, sanduku moja na mashine ya taipu. Kila Ijumaa alikuja saluni na kurasa mpya mkobani. Akishaoshwa nywele alizitoa na kuwasomea wenzake, taulo shingoni, maji yakimchuruzika masikioni. Nao walimkatiza bila haya.

"Hebu ngoja kwanza, Bi Theo," Lavonia alimwambia siku moja, chanuo la moto la kunyooshea nywele mkononi. "Huyu mwanamke kaachwa na mumewe asubuhi, halafu anakaa dirishani kutazama maua?"

"Ana huzuni, Lavonia."

"Huzuni gani hiyo ya Kizungu? Mwanamke wa Bellwater akiachwa anasugua masufuria. Anayasugua mpaka yatoboke."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Bi Theo naye akacheka, akachomoa kalamu, akafuta maua yote na kuweka masufuria mahali pake.

Ni katika saluni hiyohiyo ambapo mama yake Lavonia, Bi Hester, alisimulia kitu ambacho hata bintiye hakuwahi kukisikia. Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye beseni, macho kayafumba, na labda ndiyo maana alithubutu. Alisema kwamba mwaka wa mafuriko makubwa, akiwa mtoto, walipanda juu ya paa la nyumba yao, yeye na wazazi wake na kaka yake mdogo. Ikaja boti. Aliyekuwa akiiendesha ni mzee Kimbrough, mwenye kinu cha pamba, ambaye baba yake Hester alimlimia shamba. Baba akapunga shati. Boti ikapita karibu kabisa, imejaa mbwa wa kuwindia, na haikusimama. Paa liliposombwa, kaka yake alikwenda nalo.

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Bi Theo hakuandika neno. Aliondoka na nywele mbichi, na kwa wiki kadhaa hakuonekana. Aliporudi aliomba ruhusa kwa Bi Hester, akapewa.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa *Chumvi ya Jumapili*. Riwaya ile ilipotoka, Marekani nzima ilisimama kuitazama. Ilipata tuzo kubwa, ikasomwa redioni, waandishi wa habari wakashuka Bellwater na kamera zao. Bellwater ikanuna. Kila mtu alijiona mle ndani na hakuna aliyejipenda. Shemasi alijiona kwenye mlevi, mke wa meya kwenye mbea, na ukoo wa Kimbrough ulijiona kwenye boti. Maktaba ya mji haikukiweka kitabu. Bi Theo aliendelea kuja saluni kila Ijumaa mpaka alipofariki, na Lavonia akamsuka kwa mara ya mwisho, akilia na kumgombeza kwa kuondoka.

Miaka ikapita. Bi Hester naye akamfuata. Halafu polepole dunia ikaanza kuja. Wanafunzi walifika kwa mabasi kutoka Atlanta na Boston, wakapiga picha kaburi la Bi Theo, wakauliza nyumba yake ilikuwa wapi, wakaonyeshwa kiwanja cha magugu. Mmoja alimuuliza Lavonia watu wa Bellwater wanakionaje kitabu. Lavonia akaanza kuwahesabu waliokisoma, na vidole vya mkono mmoja vikabaki. Wengi wao hawakuwa wamekisoma. Walikichukia kwa kusikia tu.

Hapo ndipo wazo lilipomrukia, na likishamrukia Lavonia wazo, mume wake alijua kujitafutia chakula mwenyewe. Kitabu kitasomwa chote, kwa sauti, tangu asubuhi hadi jua lizame, kwenye ngazi za mahakama, na wasomaji ni watu wa Bellwater wenyewe. Alisajili wasomaji huku akiwakata nywele, kwa hiyo hawakuweza kukimbia. Mchungaji alikubali. Mjukuu wa yule shemasi alikubali, tena akaomba apewe mlevi. Sura moja tu ilibaki bila mwenyewe: sura ya mafuriko.

Lavonia alikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Wendell Kimbrough, mjukuu wa mwenye boti, mtu mpole wa makamo mwenye mikono iliyojaa alama za rangi na misumari.

"Nimekuja kukuomba usome," akamwambia.

Wendell aliacha kupima kamba. "Bi Lavonia, nakuheshimu sana. Ila babu yangu hakuwa mtu yule."

"Umekisoma?"

"Baba alisema ni uongo mtupu."

"Sikukuuliza baba alisema nini, mwanangu. Nimeuliza kama umekisoma." Akakiweka kitabu juu ya kaunta, katikati ya misumari. "Njoo ukisome kwa kinywa chako. Ukimaliza, simama hapohapo uwaambie watu unachokijua. Hakuna atakayekuzuia."

"Sitakuja."

"Basi niuzie kamba, nafungia turubai."

Asubuhi ya siku yenyewe Lavonia alifika mahakamani mapema, kamba na turubai begani. Alitegemea watu wa saluni na wa kanisani. Lakini walizidi kuja, kwa magari, kwa miguu, weusi na weupe, na viti vyao vya kukunja na makopo ya chai baridi yenye sukari. Moshi wa kambare wa kukaanga ukatanda uwanjani. Msomaji wa kwanza alisoma kwa haraka mno hadi watu wakamtaka aanze upya, wa pili akachangamka, na walipofika kwenye masufuria, wanawake wa saluni walisimama na kupiga makofi kama wako mpirani. Watu walianza kubishana vitini: huyu ni fulani, hapana, huyu ni shangazi yako. Mjukuu wa shemasi alimwigiza mlevi vizuri mno hata mkewe akafunika uso. Mchana ulikuwa haujafika, na mji ulikuwa umelewa maneno.

Kisha ikaja sura ya mafuriko. Kiti cha msomaji kilikuwa kitupu. Lavonia alipanda ngazi mwenyewe, akafungua ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza na kukiacha hapo, kwa maana aliyekuwa juu ya paa lile alikuwa mama yake.

Kukatokea mtikisiko nyuma ya umati. Watu walikuwa wanapisha. Wendell Kimbrough alikuja akisukuma kiti cha magurudumu, na kitini amekaa shangazi yake, Eulalie Kimbrough, bibi mwenye umri wa karibu miaka tisini, aliyevaa kofia ya kanisani.

"Nilimsomea shangazi usiku wa siku ile uliyoniachia kitabu," Wendell alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani atakasirika. Badala yake akaniamuru nimlete."

Bibi Eulalie alinyoosha mkono. "Nipe hicho, binti."

"Unaona herufi, mama?"

"Naona. Na nisipoona, najua. Mimi nilikuwa kwenye boti ile. Nilikaa katikati ya mbwa."

Kitabu kikashuka mkono kwa mkono, na Wendell akamshushia kipaza sauti. Bibi kizee akasoma. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikuyumba: maji, paa, shati lililopungwa. Alipofikia sentensi isemayo kwamba mwenye boti alipita bila kugeuka, akaacha kusoma.

"Hapa amekosea," akasema. "Baba aligeuka. Mimi nilimwona. Alitazama wale watoto, akatazama mbwa, akaongeza mwendo. Nilimuuliza kwa nini, akanizaba kofi. Sijamuuliza mtu tena mpaka leo."

Akamtafuta Lavonia kwa macho. "Yule msichana juu ya paa alikuwa nani?"

"Hester. Mama yangu."

"Alikuwa na gauni la njano."

Lavonia hakujua hilo. Alishuka ngazi akapiga magoti mbele ya kiti, na wanawake wale wawili wakashikana mikono, huku Wendell amesimama nyuma yao akilia waziwazi. Bibi Eulalie hakuomba msamaha kwa niaba ya mtu, wala Lavonia hakuutoa. Alimwambia tu, "Malizia sura, mama. Watu wanangoja."

Akamalizia. Kelele iliyofuata ilisikika hadi ng'ambo ya mto. Tangu hapo hakuna aliyeondoka. Wasomaji walinyang'anyana zamu, na jua lilipoanza kuzama, Lavonia alisoma ukurasa wa mwisho mbele ya umati uliokuwa umesimama, wengine wakirudia maneno baada yake kama wako kanisani.

Maktaba ilinunua nakala nyingi mwezi uleule, na Wendell akajitolea mbao za rafu. Mwaka uliofuata mji wenyewe ulidai usomaji mwingine, safari hii wa riwaya ya mwisho ya Bi Theo, iliyochapishwa baada ya kifo chake. Kwa uchungu, Lavonia hakuwahi kuifungua. Alipoketi kuisoma, akakutana na msusi mmoja mwenye maneno mengi, anayemkaanga mteja masikio kwa chanuo huku akimfundisha namna ya kuandika vitabu.

"Haiwezekani," akamwambia mumewe. "Mimi sikumuunguza mtu hata siku moja."

Mumewe aligusa kovu dogo sikioni mwake. Lavonia akajiandikisha kuisoma sura hiyo yeye mwenyewe, kabla mtu mwingine hajaichukua.