Aliyeondoka na Nusu Kichwa

Wateja walimwita Vidole, na jina likamkaa. Alikuwa msusi katika saluni ya vioo viwili na viti vitatu, kimoja kimelegea mgongo, na misuko yake ilinyooka kuliko maneno ya wanasiasa wengi. Kazi hiyo ilimtosha kula na kulala. Kilichomkosesha raha ni riwaya. Alikuwa ameandika riwaya, ya kwanza maishani mwake, na hakuwa na mtu wa kumwambia ukweli juu yake.

Msimcheke mapema. Aliiandika kwenye simu, asubuhi kabla ya kufungua na mchana wateja wakichelewa, kidole gumba kikienda mbio, mpaka ikafika mwisho. Ilimhusu mwanamke anayeondoka kwa mumewe. Hajapigwa, hajasalitiwa, hajafukuzwa. Amechoka tu kuishi kama mgeni katika nyumba anayoifagia mwenyewe. Anaondoka, na harudi. Vidole mwenyewe aliondoka hivyo hivyo, na tangu siku ile hakuna aliyeacha kumuuliza alikosewa nini hasa.

Mama yake alipopata habari alisema yaliyomjaa. Aibu ile watu walishaanza kuisahau, sasa binti yake anataka kuichapisha. Kama ni lazima aandike, basi mwanamke huyo arudishwe kwa mumewe kwenye kurasa za mwisho, watu wasome wafurahi. Vidole alimtii mama yake kwa mengi, hata kuvaa sweta asilolipenda, lakini hapo alikataa.

"Mama, mimi ulinizaa wewe," alisema. "Huyu nimemzaa mimi."

Mama akaenda zake jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Sasa, kosa alilolifanya Vidole ni la msusi, na fundi mwingine asingelifanya. Aliamua kuwajaribishia wateja. Mtu akikaa kitini, Vidole anachanua nywele, anagawa, na akianza msuko wa kwanza anaanza na sura ya kwanza, maana hadithi alikuwa nayo yote kichwani. Wateja walisifu. Wengine walisema isibadilishwe hata nukta. Mmoja alilia machozi kabisa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Vidole alitia maji mengi: akaongeza mafuriko, akaongeza mazishi ya pili, na baba mkwe aliyekufa sura ya tano akapata hotuba ndefu kabla ya kukata roho.

Kiti cha pili kilikuwa cha Bi Kimya, msusi mwenzake, mtu mzima ambaye angeweza kumaliza kichwa kizima bila kutamka neno. Siku moja, wakifagia, akafungua kinywa.

"Wote hao ulikuwa umewashika nywele."

Vidole akauliza ana maana gani. Bi Kimya akamwambia, bila haraka, kwamba mtu aliyesukwa nusu, na mkia wa kitana uko jirani na sikio lake, hata umsomee bei za misumari atasema tamu. Vidole alikasirika akanuna mchana kutwa. Alinuna kwa sababu alimkumbuka mama mmoja aliyeanza kusema "lakini hapa", kisha msuko ukakaza, akamalizia kwa "hapa pazuri sana". Ikamchoma mpaka ndani.

Akamwomba Bi Kimya asome yeye. Bi Kimya akakataa. Kinyozi hajinyoi, alisema, lakini kinyozi wako usimtafute katika chumba hiki. Sisi tunafagia sakafu moja, nami nataka kesho tusalimiane.

Basi Vidole akaenda kuchapa mswada, akaubana kwa kibanio cha nywele, akaupeleka kwa mwenyekiti wa kikundi cha waandishi kinachokutana maktaba. Mwenyekiti alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, akavua miwani, akasema msomaji anahitaji matumaini, na matumaini ni ndoa kurekebika. Vidole akauchukua mswada wake. Kumbe mama alikuwa na tawi mjini.

Akiwa njiani, kwa hasira zake, ndipo alipomkumbuka Nusu.

Huyo alikuwa mteja wa zamani, aliyekuja mara moja tu. Katikati ya kusukwa aliomba kioo cha mkononi, akajitazama, akasema njia, ule mstari wa ngozi kati ya msuko na msuko, imepinda nyuma ya sikio. Vidole akamwambia haitaonekana. "Mimi nimeiona," akasema mwanamke yule. Akainuka, akaondoka, upande mmoja umesukwa na upande wa pili umesimama wima, akapita barabarani mchana kweupe bila kitambaa. Saluni nzima ilicheka, wakampa jina la Nusu. Vidole alicheka pamoja nao, ingawa njia ilikuwa imepinda kweli.

Aliyeweza kuinuka akiwa ameshikwa nywele ndiye pekee aliyefaa kusoma kitabu.

Haikuwa kazi kumpata. Alikuwa akichanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, mikono imetapakaa kijani mpaka kwenye viwiko. Alimtambua Vidole kabla ya salamu.

"Ilipinda," alisema Nusu.

"Ilipinda, dada. Ndiyo maana nimekuja."

Vidole akaeleza shida yake yote, hapo hapo kwenye kaunta, huku mteja mwingine akingoja ndoo yake. Nusu alisikiliza. Kisha akasema kwamba na yeye anaandika, na hajampa mtu asome, kwa kuwa watu wake wote wanampenda. Akasema atausoma mswada, na siku ya kutoa maoni atakaa kwenye kiti kile kile, amaliziwe kichwa chake. Alipoupokea, kidole chake kikaacha alama ya kijani juu ya ukurasa wa kwanza.

Alikuja siku ambayo saluni haikuwa na wateja, ila Bi Kimya tu kwenye kiti chake. Akakaa, akaweka mswada mapajani, na Vidole akaanza kusuka.

Mafuriko, alisema Nusu, yatoke. Mazishi ya pili yatoke. Baba mkwe afe kimya kimya kama watu wengine. Nusu akaendelea: sura tatu za mwanzo anayelia ni mwandishi, siyo mwanamke wa hadithi. Mikono ya Vidole ikakaza bila kuulizwa.

"Vuta tu," alisema Nusu. "Mafuriko bado hayana kazi."

Bi Kimya akacheka. Vidole alitaka kukasirika, akashindwa. Yalimuuma, lakini chini ya maumivu alihisi raha ya mtu aliyetua mzigo, maana kila lililosemwa lilikuwa kweli na alikuwa analijua. Akalegeza mikono, akasuka vizuri, mpaka wakafika katikati ya kichwa na katika kurasa za mwisho.

"Sasa mwisho," Nusu alisema. "Lazima arudi, hata kwa siku moja. Asimame mlangoni amweleze mumewe kwa nini ameondoka. Msomaji anadai."

Vidole akaacha kusuka.

"Hapana. Mafuriko chukua, mazishi chukua. Sura tatu za mwanzo nitazifuta mwenyewe. Lakini huyu hasimami mlangoni kwa mtu kujieleza. Mimi nimejieleza kwa mama, kwa mawifi, kwa majirani, na hakuna aliyenisikia. Yeye hajielezi."

"Basi unakataa kukosolewa."

"Nimekubali kukosolewa. Nimekataa kurudi."

Nusu akainuka. Akachukua mswada na kibanio chake, akatoka, upande mmoja umesukwa na upande wa pili umesimama. Bi Kimya alimwangalia mwenzake kama anayetaka kumwambia amfuate. Vidole hakumfuata. Machozi yalimlenga, kwa kuwa alijua anampoteza msomaji pekee wa kweli aliyewahi kumpata, na hata hivyo hakujuta hata neno moja. Akashika ufagio akafagia.

Asubuhi yake, kabla saluni haijajaa, Nusu aliingia. Nywele zilikuwa vile vile, nusu na nusu. Alikuwa amerudi dukani hivyo, amechanganya rangi hivyo, amekwenda nyumbani hivyo. Akakaa kitini bila kukaribishwa.

"Watu wamenitazama njia nzima," alisema. "Wateja wameniuliza. Bosi ameniuliza. Mume wangu ameniuliza mpaka akachoka. Sikumweleza mtu." Akajitazama kwenye kioo. "Nikausoma mwisho wako tena, nikiwa hivi hivi. Asirudi."

Nusu akatoa kwenye mkoba karatasi zake mwenyewe, zimekunjwa na zina madoa ya rangi, akaziweka chini ya kioo karibu na mafuta ya nywele.

"Mafuriko lakini yanatoka," aliongeza. "Na hizi ni zangu. Usinionee huruma."

"Sitakuonea."

Akachukua kitana, akagawa nywele za upande uliobaki. Nyuma ya sikio njia ikapinda kidogo, kidogo sana, mahali ambapo mwenye kichwa hawezi kuona bila kioo. Vidole akaifuta, akaigawa upya.