Mzee Funguo na karatasi nane alizozichoma

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mzee Funguo amepiga magoti katikati ya kanisa. Asiyemjua angedhani anasali. Mkononi ana kisu cha mezani kilichokwisha makali, na anabandua chingamu iliyogandishwa chini ya benchi la saba kutoka mbele.

"Hapa wanakaa wanakwaya," anasema bila kuinua kichwa. "Juu wanaimba habari za mbinguni, chini wananiachia haya."

Mabenchi ni arobaini na mawili, na huyafuta yote kila siku. Kisha hupiga deki, hupanga vitabu vya nyimbo, husafisha vyoo vinne na kufungua milango kumi na mmoja. Funguo zake zinaning'inia kiunoni kwa kamba ya viatu, na ndizo zilizompa jina. Ana miaka sitini na mitatu, na kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na mmoja, kwa mshahara unaolipa kodi ya chumba na kununua unga wa nusu mwezi. Nusu iliyobaki, anasema, ni ya mke wake na Mungu kujua.

Mwandishi alikuja kuandika habari njema ya mtumishi mwaminifu. Wazee wa kanisa walikuwa wanataka kumpa cheti. Mzee Funguo alisikiliza maswali mawili, akaweka ndoo chini.

"Kama unaandika hayo, andika na hili," alisema. "La sivyo, acha kabisa. Naona aibu."

Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Anayefagia nyumba ya ibada naye ana yake anayoyajua, na hili alikuwa amelikalia miezi minne.

Nyuma ya kanisa, karibu na mlango, kuna sanduku la mbao lenye tundu juu. Mwenye shida huandika ombi lake kwenye karatasi, akaikunja na kuitumbukiza. Kila Jumatano saa tisa alasiri, akina mama saba walikutana katika chumba kidogo cha pembeni, wakasoma karatasi moja moja na kuziombea. Zikishaombewa zilitiwa kwenye mfuko, na Jumamosi Mzee Funguo alizichoma pamoja na majani makavu.

Alikula kiapo mbele ya mchungaji wa zamani kwamba hatasoma hata moja, maana siri za watu si gazeti. Kiapo hicho alikishika, na alijivunia. "Wengine wana maikrofoni, mimi nilikuwa na hicho," anasema.

Kisha kikundi kikafa. Akina mama wawili walihama, mmoja akaugua miguu, na waliobaki wakagombana juu ya nani awe mwenyekiti. Mchungaji mpya alidhani akina mama wanakutana. Akina mama walidhani mchungaji ameichukua kazi hiyo. Waumini waliendelea kuandika.

Sanduku lilipojaa hadi karatasi zikawa zinachungulia tunduni, Mzee Funguo alilifungua mwenyewe, akajaza mfuko na kwenda kuzichoma jalalani. Alifanya hivyo miezi saba.

Anaulizwa kama hakujua. Anazungusha kisu kiganjani.

"Ningekuwa mtu mwingine ningekudanganya. Chumba kile nakifungua mimi. Ufunguo wake ni huu. Wiki ya tatu nilishajua hakuna mtu anayekuja. Nikajiambia, mimi ni mtu wa ufagio, maombi yana wenyewe. Nikawasha kiberiti."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu aliuona mwepesi kuliko ndoo ya maji.

Ng'ambo ya barabara, ukitazamana na lango la kanisa, kuna kibanda cha fundi cherehani, mama mjane aliyekuwa na binti mmoja. Binti aliugua figo. Kwa wiki nane mama yule alivuka barabara na karatasi iliyokunjwa, akamsalimu Mzee Funguo, akaitumbukiza sandukuni. Wiki ya tisa binti alifariki.

Baada ya mazishi watu walirudi kwenye ukumbi wa kanisa kunywa chai. Mzee Funguo alikuwa anapitisha birika. Fundi akasimama kushukuru.

"Sina la kuwalipa," alisema. "Nilipokuwa nakaa kwenye benchi la hospitali, nilijua Jumatano saa tisa kuna watu wanalitaja jina la mwanangu. Mungu ameamua alivyoamua. Ila sikubeba peke yangu. Asanteni."

Ukumbi mzima ukaitikia amina. Mzee Funguo naye aliitikia, na amina hiyo ndiyo inayomuuma kuliko zote. Aliweka birika mezani, akaingia stoo na kusimama kati ya mafagio mpaka watu walipotawanyika.

Alimweleza mchungaji yule mpya. Kijana wa watu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mzee wangu, kosa ni langu kabla ya kuwa lako," alisema. Lakini alishauri yamalizwe kimya kimya, ili mama asiongezewe jeraha.

Ushauri ule ulimfaa Mzee Funguo, naye akaukumbatia. Akaanza kuingilia geti la nyuma. Suruali yake ya kazi ilipochanika, aliacha fundi wa hatua thelathini akapanda basi kwenda kwa fundi wa mbali. Mke wake akaona tiketi mfukoni.

"Baba, nauli imezidi bei ya kiraka," alisema. "Unamkimbia nani?"

Akamwambia yote. Mke hakupiga kelele. "Mnasema mnanyamaza kwa ajili yake," alisema. "Mnajilinda nyinyi."

Hata hivyo ilimchukua miezi minne, na habari ya cheti, kupata miguu. Alimwomba mwandishi wiki moja. "Asije akaisoma gazetini kama habari ya watu wengine," alisema.

Alivuka barabara Alhamisi saa nne asubuhi. Yaliyofuata yamesimuliwa na wote wawili, na hawakutofautiana. Fundi aliruhusu yaandikwe, ila jina la binti libaki kwake.

Alimwambia akiwa amesimama, kofia mkononi. Mguu wa fundi ukaacha kukanyaga cherehani.

"Zote?"

"Zote nane, mama."

"Hukusoma hata moja?"

"Hata moja."

Mteja aliingia kuchukua gauni. Fundi alilikunja, akapokea hela, akasema karibu tena. Mteja alipoondoka, fundi alivuta kigoda kwa mguu.

"Kaa. Kama hazikusomwa, utazisikia."

Akaanza kuzitaja, moja baada ya nyingine, kutoka kichwani. Ya kwanza iliomba dawa ipatikane. Ya pili iliomba uso wa mtoto upungue kuvimba, maana alikataa kujitazama kwenye kioo. Ya tatu iliomba mama mwenyewe asilie mbele yake. Mzee Funguo akainua mkono.

"Basi, mama. Inatosha."

"Haitoshi. Bado tano."

Akazimaliza. Ya nane, alisema, haikumtaja binti kabisa. Aliandika: Bwana, hao wanaoniombea kila Jumatano, usiwaache wachoke.

Hapo mzee wa miaka sitini na mitatu alilia kwa sauti mchana kweupe, wapita njia wakichungulia. Fundi hakumbembeleza. "Sijakusamehe," alimwambia. "Na sitasema nimekusamehe ili uondoke."

Cheti amekikataa. Jumapili iliyofuata mchungaji alisimama mbele ya waumini na kuungama, na yeye Mzee Funguo alisimama kando yake. Wapo waliohama kanisa, naye mzee hawalaumu.

Sasa kila Jumatano saa tisa anakifungua chumba kile na kuingia yeye mwenyewe, pamoja na mke wake na mchungaji. Anasoma polepole, maana miwani yake ina kioo kimoja chenye ufa. "Nilidhani ufalme wa Mungu una idara, na mimi niko ya usafi," anasema. "Kumbe ningefungua hata moja, nikasema tu, Bwana, msikie huyu. Ilitaka dakika moja."

Kanisa limemwondolea kiapo. Karatasi zikishaombewa bado anazichoma, lakini sasa anajua kilicho ndani ya moshi.

Anaulizwa anatarajia nini, kwa umri huu. Anafuta kisu kwenye suruali, anatazama ng'ambo ya barabara.

"Msamaha nimeacha kuuomba, ni mali yake, atautoa akitaka," anasema. "Natamani tu siku moja avuke aje kuweka ya tisa."