Bi Kisiki Hakutafutiwa Mchezaji

Enzi zetu, enzi zetu. Kila siku kwenye kundi letu la simu ni hayo tu. Tulikuwa na heshima, tulicheza mpaka tukaitwa kwa bakora, watoto walikuwa watoto. Haya. Na mimi nilikuwepo enzi hizo, kambi ileile ya mkonge nje kidogo ya Korogwe, chumba cha tatu kutoka bombani. Leo nakumbuka mimi, nyie mtasoma. Mniwie radhi kwa mwandiko. Niliishia darasa la nne, na kwa nini niliishia hapo ndiyo habari yenyewe.

Wiki iliyopita Eliya, ambaye sasa ana duka la vipuri Korogwe mjini, aliweka kwenye kundi picha ya sinema fulani mpya. Akasema wanawe wanagombana nyumbani, huyu anasema yule mwigizaji hafai kuwa adui, ana sura ya upole, mwingine anataka awekwe fulani mwenye macho makali. Akaandika, haya sisi tuliyaanza zamani, mnaikumbuka katuni yetu? Wote mkafurahi. Mkaanza kupanga upya nani angecheza nani kama ingetengenezwa sinema leo. Mkawataja wa Dar, wa Nigeria, wa Marekani. Ndipo Mwanaidi akaandika: "Bi Kisiki hatafutiwi mtu. Si tunaye humu humu?" Vikafuata vile vichwa vya kucheka mpaka machozi, mstari mzima.

Bi Kisiki ni mimi, Tatu binti Salehe.

Sisemi kwamba hatukufurahi. Mkitaka raha nitawapa, maana naikumbuka kuliko nyie. Nakumbuka harufu ya mkonge mbichi ukitoka kwenye mtambo, ile chachu inayokaa puani mpaka kwenye ugali wa bada wa mchana. Nakumbuka uwanja wa kuanikia, nyuzi nyeupe zimening'inia kwenye waya safu kwa safu, ukipita katikati unajiona uko kwenye nyumba isiyo na mwisho. Nakumbuka mboga ya mchunga ya mama yake Mwanaidi, mchungu kweli, nasi tunaugombania. Rede tulicheza, na kombolela, na mimi nilicheza hivyohivyo na mguu wangu wa kushoto uliopooza tangu sijaanza shule. Nilikuwa nauburuza, naacha mstari kwenye vumbi. Nikijificha walinifuata kwa ule mstari. Nilicheka nikikamatwa.

Halafu ikaja katuni. Baba yake Eliya alikuwa dereva wa trekta, akarudi nayo kutoka Tanga. Kitabu chembamba, hakina jalada, na kurasa za mwisho hazipo, mzee mmoja alishazichana akasokotea tumbaku. Ndani mlikuwa na stelingi mmoja, Kamanda Mkuki, na maadui watatu. Sharubu alikuwa mwizi wa ng'ombe. Daktari Kengeza alitengeneza dawa za kulaza watu. Mkubwa wao alikuwa Bi Kisiki, mwanamke anayeburuza mguu, anaiba sauti za watu na kuzifungia kwenye chupa. Mji mzima unabaki bubu. Tulikisoma kile kitabu mpaka karatasi ikawa laini kama kitambaa.

Kwa stelingi hatukugombana, stelingi alikuwa Eliya kwa sababu kitabu ni chake. Ugomvi ulikuwa kwa maadui. Gari la sinema lilikuwa likija kambini, wanaonyesha picha kwenye ukuta wa klabu, na sisi hatukujua jina la mwigizaji hata mmoja. Tulikuwa na yule Mchina wa jicho moja, na yule Mhindi mnene anayecheka huku moshi unamtoka puani, na yule Mzungu mwenye kovu asiyesema kitu. Tulikaa chini ya waya za mkonge tukabishana kama baraza la ardhi, nani kati ya hao achukuliwe acheze adui gani. Na tulikuwa na sheria yetu. Ukimtaja mwigizaji, lazima usimame umwigize, utembee kama yeye, ukohoe kama yeye, wenzako wakimtambua ndipo unapewa nafasi. Rashidi alimtaka Mchina awe Daktari Kengeza, akashinda siku nzima kafumba jicho mpaka mama yake akadhani ana ugonjwa. Mwingine akaleta Mhindi awe Sharubu, amebandika nyuzi za mkonge juu ya mdomo.

Na mimi nilikuwa na wangu. Kulikuwa na mwanamke wa Kihindi mwenye kipini, kwenye sinema moja aliwatilia wakwe zake sumu, kisha akanyanyua nyusi moja na kucheka. Cheko lile lilinikaa. Nilikwenda mtoni peke yangu nikalifanyia mazoezi, linaanzia chini tumboni, linapanda, linakatika ghafla. Siku ya Bi Kisiki nikasimama, nikasema nina mchezaji wa Bi Kisiki. Sikuwa nimenyanyua hata nyusi, Eliya akanikata.

"Wewe huna haja ya kuigiza mtu," alisema. "Tembea tu."

Walicheka wote. Nilicheka na mimi, nikatembea.

Sharubu alipata Mhindi, Kengeza akapata Mchina, hata farasi wa Kamanda Mkuki tulimtafutia farasi wa kwenye sinema anayefanana naye. Bi Kisiki hakutafutiwa mtu. Na bado nilienda kila siku, nawaambieni ukweli, nilienda mbio kwa kadiri ya mguu wangu. Nani mwingine alikuwa ananiita? Lile cheko nilikuwa nalitoa mwishoni, na nilipolitoa hata nyie mlinyamaza kidogo. Nilijua nimeweza.

Shida ilikuwa zile kurasa zilizosokotewa tumbaku. Hakuna aliyejua Bi Kisiki anakufaje. Ikabidi mnitungie kifo, na kila mchezo kifo kipya, maana hakuna aliyetaka kurudia cha jana. Mara ya kwanza nilifungwa kwenye nguzo. Baadaye mkanifukia mpaka kifuani kwenye takataka za mtambo, maji yale ya mkonge yakaniwasha usiku kucha, nikamwambia mama ni upupu. Wakubwa walituona. Waliona watoto wanacheza.

Sasa nawataja. Ilikuwa Jumapili mchana, mtambo umezimwa, mlinzi amekwenda kula. Matoroli ya kubebea majani ya mkonge yalikuwa yamesimama juu ya mteremko kwenye ile reli ndogo, tairi za chuma zimewekewa mawe. Eliya alisema leo Bi Kisiki anapelekwa gerezani kwa treni. Ni Eliya aliyenifunga mikono kwa kamba ya mkonge, na aliifunga kweli. Mwanaidi, rafiki yangu wa kulala naye mkeka mmoja, aliwekwa njiani kuangalia kama mlinzi anarudi. Rashidi aliinama kwenye tairi.

"Ondoa," alisema Eliya.

Toroli likaenda. Mwanzoni mlikimbia pembeni mkipiga kelele, nami nikaona huu ndio wakati wake, nikatoa cheko langu lote. Nilikuwa nacheka bado nilipogundua kwamba hakuna anayekimbia tena. Chuma kinapiga chuma, mkonge unapita pande zote mbili kama umeme. Kwenye kona ya kalvati likapinduka.

Nilipofumbua macho, vidole vitatu vya mkono wa kulia havikuwa vidole tena. Kitu kingine nimekaa nacho miaka yote hii. Mikono yangu ilikuwa wazi. Kamba haipo. Aliyenifungua alinifungua kwanza, akaificha kamba, ndipo akaenda kuita watu. Ulikuwa wewe, Mwanaidi. Nilikuona mgongo wako ukiingia kwenye mkonge na kamba mkononi. Na ni wewe uliyemwambia nyapara, nilikuwa nimelazwa pale chini nasikia: "Alipanda mwenyewe. Tulimkataza."

Mtauliza kwa nini nilinyamaza. Mlikuja hospitali na machungwa, wewe na Eliya, mkakaa ukingoni mwa kitanda. Eliya akaniambia nikisema, Bi Kisiki atapewa mtu mwingine. Hicho tu. Mtoto wa miaka kumi, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwikoni, na kitu alichoogopa ni kunyang'anywa hiyo nafasi. Baba aliponiuliza nikasema nilipanda mwenyewe. Nikawasubiri mje kuniita. Hamkuja. Nilisikia baadaye kwamba mchezo uliisha, katuni mkaiuza kwa watoto wa kambi ya pili.

Baba yangu, Salehe, alikuwa mkata mkonge. Miiba ya ncha ya mkonge ilishamwingia mara ngapi, macho yake yalikuwa mekundu daima. Meneja akamwita, akamwambia toroli limevunjika, reli imepinda, kazi imesimama, na mfanyakazi asiyeweza kushika mtoto wake hawezi kushika kazi. Akapewa mpaka mwisho wa mwezi aache chumba. Hakubishana. Angebishana na nini? Binti yake mwenyewe kakiri.

Tukahamia Kwaluguru, Handeni, kwenye shamba la babu lililokuwa limeota pori. Shule ilikuwa mbali, mguu hauwezi, mkono haushiki kalamu. Nilijifunza kuandika tena kwa kushoto nimeshakuwa mama, binti yangu Zawadi ndiye aliyenifundisha. Baba hakunipiga wala hakunisimanga. Siku moja tu, tunapalilia mahindi, akasimama akashika jembe, akasema, "Ungeniambia unataka kupanda, mwanangu. Ningekupandisha mimi." Akaendelea kulima. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza, nikijiambia nitamwambia nikiwa mkubwa. Amekufa akijua kwamba ni mimi niliyemfukuzisha kazi.

Basi wiki iliyopita mlipocheka nikaandika maneno matatu. Nani aliondoa jiwe? Kundi likanyamaza siku nzima. Rashidi, yuko Vugiri siku hizi analima, akaweka mikono ya kusali na kuandika tumwachie Mungu. Mungu nilishamwachia mengi, Rashidi, hili ni la kwako. Jioni Eliya akanipigia.

Alianza kwa kuniita dada yangu, habari za siku nyingi, watoto hawajambo. Akasema imemuuma, lakini nielewe, yale yalikuwa mambo ya watoto.

"Baba yangu hakuwa mtoto," nilimwambia.

Nikasikia watu dukani kwake wanauliza bei za vitu. Akaniuliza sasa nataka nini. Nikamwambia sitaki kitu cha dukani. Nataka mje Kwaluguru mchana kweupe, nyie watatu, msimame kwenye kaburi la Salehe, mseme kwa midomo yenu kwamba binti yake hakupanda mwenyewe. Ndugu zangu wasikie, majirani wasikie. Akasema atatafuta nafasi. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kama nisingeandika haya kwenye kundi ingekuwa vizuri, kuna watu wanamheshimu mle. Nikamwambia nitaandika marefu zaidi. Ndiyo haya.

Zawadi na wenzake nawacheka. Wanalala kifudifudi na simu, wanachagua nani awe adui, huyu mfupi, huyu kanenepa, huyu sauti yake haitishi, na hakuna hata mmoja anayeweza kusimama akatembea hatua tatu kama adui. Mikono yao kazi yake kubonyeza. Nilitaka kuwaonyesha cheko langu siku moja, likagoma kutoka, likaishia kooni kama kikohozi. Halafu nikawatazama tena. Adui wao ni mtu mzima, amekubali mwenyewe, amelipwa. Wakishamuua ananawa rangi usoni, anakwenda kwake kula na wanawe. Wakitaka mwingine wanataja mwingine. Hakuna mtoto anayeambiwa atembee tu. Mnisamehe, lakini siwezi kusema enzi zetu zilikuwa bora. Natamani tungekuwa wazembe kama hawa.

Leo asubuhi, kabla sijamaliza kuandika, simu ililia. Nilidhani Mwanaidi anajibu. Kwa mtu wa mkeka mmoja nilikuwa bado nasubiri, sijui kwa nini. Nikafungua. Yalikuwa yale maandishi madogo ya kijivu, Mwanaidi ameondoka kwenye kundi.

Sisi tulipoondoka kambini, baba alibeba kitanda kichwani kutoka chumba cha tatu mpaka barabara kuu, mama nyuma yake na vyombo, mimi nyuma ya mama. Watu wote walitoka milangoni kututazama. Njia nzima aliwaamkia, na wazee wenzake akawaaga mmoja mmoja kwa majina, kitanda kikiwa palepale kichwani. Enzi zetu ndivyo mtu alivyoondoka. Siku hizi unabonyeza.