Somo la Mwaka wa Tatu

Mwaka wa kwanza tulisoma jinai, mikataba, katiba na madhara. Mwaka wa pili ikaja ardhi, ushahidi na sheria za mila. Mwenendo wa madai, yaani somo linalokufundisha kesi inafunguliwa wapi na ndani ya siku ngapi, lilikuwa la mwaka wa tatu. Aliyepanga mtaala ule bila shaka alikuwa na sababu zake. Nimemlaani mara nyingi, kisha nikajirudi, kwa sababu mtaala haukufungua mdomo siku ile. Niliyefungua mdomo ni mimi.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili na kurudi nyumbani Songea kwa likizo, nikiwa na A ya sheria za mila na kichwa kikubwa. Mtaani waliniita wakili, nami sikuwasahihisha. Wiki hiyo mama alikuwa ameshindwa kesi kwenye baraza la ardhi. Tangu baba afariki, mdogo wake alikuwa anadai kwamba shamba letu la njia ya Namtumbo ni la ukoo, si la mjane. Shamba hilo ndilo lililotulisha, na mama hakuwa na jingine. Baraza likampa baba mdogo, likasema asiyeridhika aende Mahakama Kuu. Nakala ya hukumu tuliipata upesi. Niliisoma kwa kalamu nyekundu, nikaona matundu yake yote, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Siku ya tisa tangu hukumu, bibi akafariki. Alikuwa mama yake baba, na mama yake baba mdogo pia. Mama ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha uji miezi yake ya mwisho. Tukahamia wote nyumbani kwake kwa matanga. Katika ukoo wetu, tangu mazishi hadi arobaini, ugomvi unalazwa. Hakuna anayempeleka mwenzake popote, na mnakula chungu kimoja hata kama jana mlitukanana. Basi mama alimpakulia ugali baba mdogo, na baba mdogo akaupokea kwa mikono miwili.

Siku ya pili baada ya kuzika, mama aliniita nyuma ya jiko. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kilio na moshi.

"Mwanangu, hii rufaa yetu inaweza kungoja arobaini ipite? Nikienda mahakamani sasa hivi, watasema hata marehemu nilikuwa namchukia."

Sikufikiri hata kidogo. "Ingoje tu, mama. Sheria yenyewe inatambua mila."

Alishusha pumzi, akarudi kwenye sufuria zake.

Nilichosema kilikuwa kweli, na kwenye mtihani kilinipa alama nyingi. Sheria inatambua mila kuhusu nani arithi na nani amiliki. Sikujua, wala sikujisumbua kumuuliza mtu, kama muda wa rufaa nao unasimama kwa ajili ya matanga. Siku zile zote nilikaa msibani na daftari, naandika hoja. Wajomba walipita wakisema, mwacheni msomi afanye kazi. Niliandika kurasa kumi na nane, na hadi leo naamini zilikuwa nzuri.

Tukaanua tanga. Jumatatu iliyofuata mama alivaa kitenge chake cha kanisani, tukaenda masjala ya Mahakama Kuu. Karani aliipokea hukumu, akatazama tarehe, kisha akatazama kalenda ya ukutani. Kurasa zangu hakuzifunua, akanigeukia mimi.

"Dada, mmechelewa. Rufaa ya ardhi ni siku arobaini na tano. Leo ni ya hamsini na mbili."

"Tulikuwa na msiba," nikasema.

"Poleni sana. Mngeleta kwanza, halafu mkarudi msibani. Sasa ombeni kuongezewa muda, na mama ale kiapo aeleze sababu."

Mama alikuwa ananitazama usoni, anasubiri nimjibu karani kisheria, nami nikaanza kukusanya kurasa zangu.

Kile kiapo nilikiandika mezani kwetu, mchana, mlango ukiwa wazi. Niliandika ukweli: kwamba mwombaji alimuuliza mwanawe anayesomea sheria, na mwanawe akamwambia asubiri. Nikamsomea.

"Futa," akasema.

"Mama, ndivyo ilivyokuwa."

"Utakuja kuwa wakili mahakama hiyohiyo, na karatasi imo ndani inasema ulimpoteza mama yako? Futa. Andika nilisahau."

Mama yangu hakuwahi kusahau kitu. Ni mtu wa kuungama kila mwezi, na hata chumvi ya kuazima huirudisha siku ileile. Nilijua kwamba kuapa uongo ni kosa, nililisoma mwaka wa kwanza. Nilijua pia kwamba kusahau hakumpi mtu muda wa ziada, na kwamba hata ukweli wangu pengine usingemsaidia. Nililia huku naandika. Kesho yake akashika Biblia mbele ya wakili wa kuapisha, akaapa kwamba alisahau, na sauti yake haikutetemeka.

Uamuzi ulisomwa baada ya miezi, kwa Kiingereza. Nilikaa benchi moja naye, nikiwa tayari mwaka wa tatu, na kila sentensi niliijua kabla haijasomwa. Baba mdogo alikuwa upande wa pili na kofia magotini. Jaji alipomaliza, mama alinivuta mkono.

"Amesemaje?"

Nilitamani kumdanganya, lakini ningemdanganya mpaka lini? Trekta la baba mdogo lingeingia shambani msimu uleule.

"Ombi limekataliwa, mama. Shamba limekwenda. Amesema ulizembea."

Alikunja kitambaa chake mara mbili, akakiweka kwenye mkoba.

"Wewe hajakutaja?"

"Hajanitaja."

"Basi twende nyumbani," akasema.