Koti la Zuwena la Kwendea Thelujini

Udi ukiingia kwenye sufu hautoki. Juzi, hapa nyumbani Ghubra, Maskati, mkwe wangu alikuwa akiyafukiza makoti waliyonunua yeye na mumewe kwa safari ya theluji, kama tunavyofukiza nguo zote kabla ya safari, na harufu ile ya moshi na manyoya ikanikuta jikoni nnakuna nazi. Nikaiacha nazi. Mimi skuli sikwenda sana, niliishia pale nilipoweza kusoma majina ya maduka, kwa hivyo mtanisamehe nikizungukazunguka; lakini harufu ile nnaijua. Inanirudisha kwenye baridi ile aliyokuwa dada yangu Zuwena akijiandaa kwenda kuteleza kwenye mlima wa Uajemi.

Tulikuwa wageni Maskati wakati ule, tumetoka Unguja juzijuzi. Baba alipata kazi ya udereva, na siku moja alileta kutoka ofisi ya tiketi kalenda yenye picha ya mlima mweupe na watu waliofunga mbao miguuni. Akaitundika ukumbini, akasema, "Tukijaaliwa, baridi hii tunakwenda pale." Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe bwana, hata kwenye vigae vya msikitini unateleza, huko utarudi na mguu upi?" Lakini siku ya pili alikwenda sokoni Matrah, akarudi na koti jekundu la sufu la Zuwena, mikono yake inamfika magotini. Nguo za watoto zilinunuliwa kubwa ili wazikulie, ndivyo tulivyokuwa. Akalifukiza, akalitundika kwenye msumari chini ya kalenda.

Sasa niwaambie jambo ambalo ningelisema mwanzo. Zuwena alikuwa na maradhi ya damu, haya yaliyomo kwenye koo zetu nyingi, ambayo baridi ikimgusa mtu mifupa humuuma kama inavunjwa. Sisi wengine tuligombania kulala karibu na feni. Yeye alilala na soksi, kwenye joto ambalo hata paka hulala juu ya vigae vilivyomwagiwa maji. Labda ndiyo maana aliitaka theluji kuliko sisi sote. Alizifunga mbao za kreti la nyanya miguuni kwa vipande vya kanga kuukuu, akashuka nazo lundo la mchanga mbele ya nyumba iliyokuwa ikijengwa, koti mwilini, jasho linamtiririka. "Pisheni, wajinga wa jangwani! Breki sina!" Tukipisha, tukicheka.

Baba alipompeleka kwa daktari kuomba dawa ya safari, daktari alimwambia pembeni kuwa baridi ya kule na urefu wa mlima vitamuua mtoto. Haya Mama alinihadithia nilipokwisha kuolewa. Jioni Zuwena alilivaa koti, akamfuata Baba ukumbini, na Baba akalificha neno la daktari. Akasema, "Mwakani, mwanangu." Baridi ikapita. Kalenda ikaisha miezi, hakuna aliyethubutu kuitoa ukutani, na koti likaendelea kufukizwa kila Ijumaa pamoja na nguo zetu za kuvaa. Zuwena akiuliza, "Baba, hiyo mwakani imefika wapi?" "Ipo njiani." Zuwena alipokufa, kabla ya baridi ya pili, mikono ya koti ilikuwa bado inamfunika vidole.

Juzi basi, nilipoifuata harufu, nikawakuta ukumbini. Mwanangu Nassor anachagua hoteli ya mlimani kwenye simu, wanawe wa kiume wanagombania miwani ya theluji. Binti yake, Asila, mwenye damu ile ile ya Zuwena, alikuwa akiyakunja makoti ya kaka zake. Siku hizi dawa zipo, na daktari wake ni binti wa hapa hapa, mpole, humpa peremende. Naye alishasema mlimani asipelekwe. Watu wazima wote pale wanajua. Nimewaomba wamwambie mtoto, nikajibiwa, "Mama, usituharibie furaha." Atabaki na mimi.

Nassor akanyanyua kichwa, akamwona. "Wewe mwakani, mwanangu, inshallah." Kama ningefumba macho ningesema Baba amefufuka. Nikangoja mtoto aulize. Zuwena aliuliza mpaka mwisho, na kila alipouliza, mtu mmoja ndani ya nyumba ile alilazimika kumtazama usoni. Asila hakuuliza. Alisema, "Sawa, Baba," akafunga kifungo cha mwisho cha koti la kaka yake, akalilaza sandukuni.