Ufunguo Unaolala Mlangoni

Salvina Attard hajazima injini. Gari lake la gesi limesimama katikati ya mtaa, limewaziba watu njia, na yeye keshashuka. Amepiga honi mara tatu, ameshika mtungi begani, na sasa anaelekea kwenye mlango wa kijani. Habishi hodi. Ufunguo uko mlangoni, upande wa nje, nao anauzungusha na kuingia moja kwa moja hadi jikoni.

Anafunga mtungi mpya, anajaribu kama gesi inavuja, anachukua hela iliyowekwa chini ya kikombe. Mwenye nyumba hayupo, yuko shambani kwake anamwagilia nyanya.

"Hapa Nadur ndivyo tunavyoishi," anasema huku akirusha mtungi mtupu nyuma ya gari. "Ufunguo ukiwa nje, maana yake karibu. Umeishiwa chumvi? Ingia. Mvua inakuja na mwenzio hayupo? Ingia umwanulie nguo. Ukipiga hodi watu watadhani umeleta bili ya maji."

Lakini leo hana raha. Ni mkesha wa Mnarja, sikukuu ya kijiji, kila nyumba inapika na kila nyumba inataka gesi, na Salvina anaendesha huku akitazama milango kuliko barabara. Katika mtaa huu wa nyuma ya kanisa, funguo zimeanza kutoweka. Hapo hakuna. Pale napo hakuna.

"Umeona?" anamuuliza mwandishi aliyekaa kando yake garini. "Yule mzee hajawahi kuutoa tangu nizaliwe. Leo nimemgongea mpaka kaamka, katoka na suruali ya kulalia, kanitukana. Na ana haki!"

Salvina ana miaka hamsini na minne. Gari alirithi kwa baba yake, Nenu, nyonga zilipomshinda mzee kubeba mitungi. Kila mtungi unamwachia faida isiyofika euro mbili, na dizeli inakula humo humo. Angeweza kustahimili hayo kama simu yake ingekaa kimya, ila haikai.

Ilianza na muuguzi mmoja kutoka Ufilipino, aliyemwomba amwonyeshe namna ya kufunga regulata kwenye mtungi. Muuguzi akampa namba mwenzake, naye akampa mwenzake. Leo kila mgeni anayehamia upande huu wa Gozo, kisiwa cha Malta, awe Mkolombia, Mserbia au Mwingereza aliyestaafu, anapewa namba ya Salvina kabla hajajua duka la mkate liko wapi.

Simu inalia akiwa kwenye kona. Anaibana kati ya sikio na bega.

"Mfuko mweusi wa taka ni kesho. Kesho! Leo ukiutoa, paka watakutandazia mtaa mzima." Anakata. Inalia tena. "Maji ya baridi yanatoka ya moto kwa sababu tangi liko juani, mwanangu. Zima hita. Sasa hita ya nini mwezi wa sita?"

Mlio mkubwa unapasuka angani, kisha mwingine. Ni fataki za asubuhi. Salvina hata hashtuki, anaitazama simu tu, akingoja. Inalia.

"Hapana, bwana, si vita," anasema kwa upole wa mtu aliyeshayasema hayo mwaka jana na mwaka juzi. "Ni watakatifu Petro na Paulo. Rudi ukalale."

Kazi hiyo halipwi. Majirani wanamtania kwamba amefungua ubalozi ndani ya gari la gesi. Anachopata ni wateja, maana mgeni akishatulia naye hupika, na akipika atataka gesi. Anachoweza kupoteza ni jina lake, na mwezi huu wote jina hilo limekuwa likining'inia kwenye mlango mmoja.

Mlango wenyewe ni wa bluu. Anakaa humo Jelica Pavlov, mwanamke wa miaka thelathini na minane kutoka Serbia, anayefua na kukunja shuka katika hoteli moja ya ufukweni. Nyumba alimtafutia Salvina, kwa kijana aitwaye Wistin. Wistin hakuwa akitaka wapangaji wageni, ila Salvina alimbembeleza hadi akalegea. Siku ya kwanza alimwonyesha Jelica jiko, tangi na mifuko ya taka, kisha akamwambia siku ya gesi aache ufunguo mlangoni.

"Nikamwambia auache," anasema Salvina. "Sikumwambia kwamba ukiuacha, umewakaribisha wote. Nani angefikiria kulieleza jambo kama hilo? Ni kama kumweleza mtu namna ya kupumua!"

Basi mwezi Mei, siku ya gesi, upepo wa kusini ukavuma na vumbi jekundu, ule unaofuatwa na mvua ya matope. Jelica alikuwa kazini na nguo zake ziko juu ya paa. Jirani wa mbele, Bi Grezja, mjane wa miaka sabini na minane, akaona nguo, akaona ufunguo, akafanya kile ambacho angefanya mama yake. Aliingia, akapanda paani, akaanua. Akakunja kila kitu vizuri. Na kwa kuwa alikuwa amepika makaroni ya kuoka, akamwachia sahani mezani.

Jelica alirudi jioni. Alipoona nguo zake za ndani zimepangwa kitandani na chakula cha moto mezani, alikimbilia barabarani akapiga simu polisi, akipaza sauti mtaa mzima usikie: "Mtu ameingia ndani kwangu!"

"Nami nikamuuliza, mwizi gani anakunja sidiria?" Salvina anacheka, kisha kicheko kinakatika. "Nilichelewa. Polisi walishafika, wakagonga kwa Bi Grezja kumuuliza kama ameona mtu. Wawili, na kofia zao, wakati watu wanatoka kanisani."

Kesho yake Bi Grezja aliutoa ufunguo mlangoni pake. Majirani wakaanza kumwiga, mmoja mmoja. Wistin ni mpwa wake, na neno lake kwa Jelica lilikuwa fupi: sikukuu ikiisha, atafute pengine.

Sikukuu ni kesho.

Salvina anapofika mlango wa bluu, Jelica anatoka mbio, beseni tupu kiunoni, nywele bado mbichi. Basi lake linapita baada ya muda mfupi. Anaacha beseni ndani, anafunga mlango, na kuuacha ufunguo pale pale nje.

"Bado tu?" anauliza Salvina.

"Bado, dada. Tangu siku ile sijautoa. Mchana, usiku, uko hapo hapo." Anaongea akirudi kinyumenyume kuelekea kituoni. "Nilimpelekea keki, nikabisha hodi. Hakufungua. Nikaenda tena, hakufungua. Nimuombeje radhi mtu asiyefungua? Nikasema basi, labda ataona mlango wangu uko wazi."

"Hakuna aliyeingia?"

"Hakuna hata mmoja. Nina masanduku mawili, dada, na moja nimeshalifunga."

Anageuka na kukimbia. Salvina anamtazama hadi anapopinda kona, kisha anabeba mtungi na kuvuka barabara. Mlango wa Bi Grezja inabidi augonge, na anaugonga kwa hasira.

"Nani?" Sauti inatoka juu, kwenye roshani yenye vioo.

"Papa wa Roma! Ni nani mwingine anayekuja na mtungi, Bi Grezja? Fungua, bega linang'oka."

Bibi anashuka polepole, anafungua kidogo, anatoa kichwa. Ana macho mekundu ya mtu ambaye hajalala.

"Zamani ulikuwa unaingia kimya kimya nami nalala," ananung'unika. "Sasa mtoto wa Nenu anataka kunivunjia mlango."

"Urudishe ufunguo nisikuvunjie."

"Nirudishe ili nini? Polisi wawili, Salvina! Wawili mlangoni pangu! Marehemu mume wangu hakuwahi kuitwa polisi, na alikuwa mlevi!"

"Walikuja kukuuliza tu."

"Kuniuliza nini? Makaroni yangu yana sumu?"

Salvina anafunga mtungi jikoni, anapigana na regulata, anasema bila kugeuka. "Yule dada anakungoja wewe. Ufunguo wake uko nje tangu siku ile."

"Nimeuona. Mimi kipofu?"

"Basi umeuona."

"Nauona kila usiku!" Bi Grezja analipuka, na mkono wake unapiga meza. "Nani alimwambia auache usiku? Ni wewe? Usiku watu wanautoa, jamani! Mwanamke peke yake, kijiji kimejaa walevi wa sikukuu, bendi inapita hapa mpaka alfajiri, na ufunguo umekaa nje kama kitasa cha choo! Mimi silali. Nakaa pale juu namlindia mlango, na miguu yangu hii, unaiona ilivyovimba?"

Salvina anageuka, spana mkononi.

"Kila usiku?" anauliza.

"Sasa nifanyeje? Nikiugusa, wataniletea tena polisi."

Macho ya Salvina yanapita dirishani. Juu ya paa la nyumba ya bluu shuka nyeupe zinapepea, nne au tano, bado zinachuruzika. Ndiyo maana beseni lilikuwa tupu. Hakuna mtu Nadur anayeanika mkesha wa Mnarja. Saa sita mchana fataki kubwa zinapigwa nyuma ya kanisa, na masizi na vipande vya karatasi vinavyoungua huanguka kwenye mapaa ya mtaa huu.

"Mama yangu!" anasema Bi Grezja, aliyefuata macho yake. "Ameanika? Leo?"

"Naye hajui. Mimi tena sikumwambia."

"Kimbia ukaanue!"

"Mimi?" Salvina tayari yuko mlangoni. "Nina gari lina mitungi, fataki zinakuja, mkuu wa zimamoto keshanionya niwe nje ya kijiji. Ufunguo uko nje, Bi Grezja. Kwaheri."

"Salvina! We Salvina! Rudi hapa!"

Harudi. Anaendesha kuteremka kuelekea bandarini, mikono imebana usukani. Mwandishi anamuuliza kama bibi ataenda. "Sijui," anajibu. "Ningejua ningeendesha hivi?"

Mchana anauza upande wa chini. Fataki zinapigwa, anazisikia kwa mbali, anakosea chenji ya mteja. Anakula mkate wenye nyanya na jodari akiwa amesimama, injini ikiunguruma, simu mbele yake juu ya boneti. Inalia mara nyingi, kuhusu taka, kuhusu basi, kuhusu vita. Kila mara anaikata haraka.

Karibu saa kumi linatokea jina la Jelica. Salvina anaweka mkate chini. Sauti inatoka kwa kishindo, mwandishi anaisikia akiwa upande wa pili wa gari.

"Dada! Mtu ameingia ndani kwangu!"

Kwenye simu Jelica analia, anacheka, analia tena.

"Shuka zimekunjwa. Kona kwa kona, hata kule kazini hatukunji hivi. Kuna makaroni, bado ya moto. Na ufunguo wangu ameutoa mlangoni, ameuweka mezani. Halafu kando yake kuna mwingine."

"Mwingine wa nani?"

"Sijui. Mkubwa, wa zamani, una uzi mwekundu."

Salvina anaujua ufunguo huo. Ameuzungusha kwenye mlango wa Bi Grezja maisha yake yote ya kazi, na baba yake kabla yake. Ananyoosha mkono dirishani, anazima injini, na kwa mara ya kwanza siku nzima anakaa kupumzika, pale pale kwenye ngazi ya gari.

Wistin bado hajasema kama atabadili uamuzi wake. Salvina anapanga kumwendea kesho baada ya maandamano ya sanamu, na safari hii hataenda peke yake, maana shangazi mtu, Bi Grezja, ndiye atakayetangulia kusema. Anataka pia mgeni yeyote atakayemletea mtaa huo apelekwe kwanza kwa Bi Grezja, akafundishwe mambo ambayo yeye Salvina husahau kwamba ni ya kufundishwa.

"Sasa nifanyeje?" Jelica anauliza kwenye simu.

"Pika kitu," anasema Salvina, akijifuta macho kwa kiganja chenye grisi. "Halafu vuka barabara na ufunguo huo. Na ole wako ubishe hodi."